Gari la Kifahari: Usalama wa Nani?

Mabepari hujivuna kwamba gari la kifahari ni salama. Sisi tunauliza: salama kwa nani?

Tuchukue mfano wa Mercedes-Benz ya daraja la S. Mwaka 1978 ilianza kuwekewa breki zisizoruhusu magurudumu kujifunga. Mwaka 1981 ukaja mfuko wa hewa wa kumkinga dereva gari linapogonga. Vyote viliuzwa kwa malipo ya ziada. Hatuubezi ufundi huo, kwani ni jasho na akili ya wafanyakazi. Tunachokosoa ni kuugeuza uhai kuwa bidhaa: mwenye fedha hukingwa, mnyonge husubiri. Huko Marekani, ni kuanzia magari ya mwaka 1998 ndipo sheria ilipolazimisha mifuko hiyo kwa dereva na abiria wa mbele katika kila gari dogo jipya.

Njia nyingine ilikuwapo. Mwaka 1959 Volvo ilitoa mkanda unaoshika bega na kiuno pamoja, ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Leo mkanda huo umo hata katika gari la bei nafuu.

Hapa Afrika Mashariki wananchi waliwaita wakubwa wa magari hayo Wabenzi. Walikwisha kuelewa kwamba gari nalo hutenga matabaka. Kada asishangilie usalama wa wachache. Adai uwe haki ya wote.