Usawiri wa Mhusika Mwenye Usonji katika Filamu Zinazomfikia Mtazamaji wa Kiswahili wa Rumonge

Uhakiki wa usawiri wa wahusika wenye usonji katika filamu na tamthilia za televisheni umejikita kwa muda mrefu katika maswali mawili: je, mhusika huyo anafanana na watu halisi wenye usonji, na je, anaigizwa na nani? Ni maswali ya msingi. Hata hivyo, yote mawili yanachukulia kwamba filamu humfikia mtazamaji kama ilivyotoka mikononi mwa mwongozaji. Katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika hali si hiyo. Rumonge, mji wa mawese na dagaa uliopo kiasi cha kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, unazungumza Kirundi. Lakini Kiswahili ni lugha ya mwaloni, ya sokoni, ya mitaa ya Waislamu, na ya familia zilizorejea kutoka Tanzania baada ya ukimbizi ulioanza mwaka 1972. Mtazamaji wa huko asiyemudu Kiingereza, Kihindi wala Kikorea huipata filamu ya nje kupitia sauti ya pili: ama sauti za Kiswahili zilizoingizwa studioni, ama sauti ya msimulizi anayezungumza juu ya picha, kwa mtindo ambao Lufufu aliupatia umaarufu Dar es Salaam na DJ Afro nchini Kenya. Kwa hiyo mhusika mwenye usonji husawiriwa mara mbili, na usawiri wa pili ndio unaosikika.

Usawiri wa kwanza umekwisha kujadiliwa sana. Katika Rain Man (1988), iliyoongozwa na Barry Levinson, Raymond Babbitt anatupia jicho vijiti vya meno vilivyomwagika sakafuni na kutaja idadi yake, 246. Kim Peek, mmoja wa watu waliochochea kubuniwa kwa mhusika huyo, baadaye alionekana na wataalamu kuwa hakuwa na usonji hata kidogo. Pamoja na hayo, kigezo kilikwisha kuwekwa. Daktari Shaun Murphy wa The Good Doctor (2017–2024) anaona ndani ya mwili wa mgonjwa kile ambacho wenzake hawakioni. Wakili Woo Young-woo wa tamthilia ya Korea Kusini ya mwaka 2022 anakariri vifungu vya sheria. Kipaji kimekuwa ndicho kibali cha mhusika kubaki kwenye hadithi. Asiye nacho hana hadithi.

Kinachojadiliwa kwa nadra ni kwamba Rain Man inasimama juu ya nguzo mbili zisizokuwepo Rumonge: kasino ya Las Vegas na Wallbrook, taasisi anakoishi Raymond. Mwishoni Raymond anapanda treni kurudi Wallbrook, na filamu inaupokea uamuzi huo kuwa wa huzuni lakini wa haki. Mahali ambapo malezi ya mtoto wa aina hii yako mikononi mwa mama, bibi na ndugu, bila taasisi yoyote ya kumrudisha, mwisho huo unajibu swali ambalo halikuulizwa. Swali la mwambao linaanzia pale filamu inapoishia: ndugu hawa wangeishije pamoja kuanzia asubuhi iliyofuata?

Filamu inalikaribia swali hilo mara moja tu, katika tukio la bafuni. Charlie anafungulia maji ya moto na Raymond anapiga kelele kwa hofu, kwa kuwa anakumbuka mdogo wake alipokaribia kuungua akiwa mchanga. Hapo Charlie anatambua kwamba “Rain Man”, rafiki aliyemwimbia utotoni na ambaye alidhani kuwa ni wa kufikirika tu, ni kaka yake Raymond, ambaye ulimi wa mtoto haukuweza kulitamka jina lake. Hakuna kipaji katika tukio hili. Kuna hofu, kumbukumbu na udugu, na ndilo tukio bora kuliko yote. Ndilo pia lililo dhaifu zaidi mbele ya tafsiri. Likitafsiriwa kuwa “Mtu wa Mvua”, uhusiano wake na jina Raymond umekatika. Likiachwa katika Kiingereza bila neno la ziada, mtazamaji haoni kwa nini Charlie ameduwaa. Sentensi moja ya kueleza kwamba mtoto alishindwa kulitamka jina la kaka yake ingetosha; ni nyumba gani isiyo na jina la namna hiyo?

My Name Is Khan (2010) ya Karan Johar iko karibu zaidi na mwambao. Rizwan Khan, anayeigizwa na Shah Rukh Khan, analelewa na mama yake mjini Mumbai, na ana mdogo wake anayeona kwamba mapenzi yote yamekwenda upande mmoja. Wivu huo umechorwa kwa ukweli, na familia yoyote ya Rumonge yenye mtoto wa aina hii ingeutambua. Lakini filamu inauacha mapema na kumpeleka Rizwan safarini Marekani, baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, kumtafuta rais. Kwa mtazamaji Mwislamu, Rizwan ni kwanza Mwislamu anayedhulumiwa. Usonji wake unakuja baadaye, tena kama ushahidi wa usafi wa moyo. Hawezi kusema uongo, kwa hiyo dini yake nayo haina hila. Hoja hiyo ni ya heshima, lakini inamgharimu mhusika: rangi ya njano inayomtia hofu na kelele zinazomuumiza zinageuka kuwa alama za utakatifu. Mama mwenye mtoto anayeziba masikio sokoni hapewi chochote cha kutumia.

Usawiri wa pili unaanza na jina. Istilahi “usonji” imezoeleka katika vyombo vya habari vya Tanzania na Kenya, lakini msimulizi anayekimbizana na picha ana maneno mengine karibu na ulimi: zezeta, taahira, punguani. Hata anayelijua neno “usonji” mara nyingi huliambatanisha na “ugonjwa wa” au na kitenzi “kuugua”, na anayesikia kwamba mtu anaugua huuliza dawa iko wapi, hospitalini au kwa mganga. Sarufi nayo ina mchango wake. Kiswahili kiliwaweka kiziwi, kipofu na kiwete katika umbo la KI-VI, jambo lililokwisha kuwasumbua wanaisimu; Kirundi kina “ikimuga” na “ikiragi” kwa njia hiyo hiyo. Mtazamaji wa Rumonge, mwenye lugha zote mbili, amelizoea umbo hilo maradufu. Kwa bahati njema, “usonji” ni jina la hali, kama “ubumuga” wa Kirundi, na linamlazimu msemaji kumtaja mtu kwanza: mtu mwenye usonji. Kulichagua neno hilo ni kuchagua mhusika wa aina nyingine.

Baada ya jina kuna ukimya. Msimulizi anathaminiwa kwa kuujaza. Katika filamu ya mapigano hilo halina madhara makubwa, bali linaongeza ladha. Katika sehemu ya 3 ya tamthilia ya Woo, kijana mwenye usonji asiyeweza kujieleza anashtakiwa kwa kifo cha kaka yake, na wazazi wake wanatazamana na wakili ambaye ana usonji kama mtoto wao lakini amejaaliwa kila walichokosa. Tamthilia yenyewe inakihoji kipaji inachokiuza. Uzito wote uko katika kile ambacho kijana hakisemi. Msimulizi akimsemea, kesi imekwisha kabla ya hukumu. Kuhusu kurudiarudia maneno, hali ni tofauti. Msikilizaji wa ngano za Kiswahili anajua kwamba urudiaji una kazi, hivyo kauli za Raymond zinazojirudia hazihitaji kufupishwa wala kugeuzwa kichekesho.

Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Burundi iliuridhia mwaka 2014, kinazitaka nchi kuvihimiza vyombo vya habari kuwasawiri watu hao kwa namna inayolingana na malengo ya Mkataba. Kikisomwa kwa kuangalia filamu za ndani pekee, kitagusa kidogo sana katika nchi ambayo filamu yake ndefu ya kwanza ya kubuni, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ilitoka mwaka 1992, na ambayo watazamaji wake bado wanategemea zaidi kazi za nje. Sauti ya Kiswahili inayosikika Rumonge hutengenezwa Dar es Salaam, Nairobi, na hata Beijing, ambako tamthilia ya Doudou iliyorushwa na TBC mwaka 2011 ilitiwa Kiswahili. Hakuna wizara moja inayoweza kuisimamia. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina mamlaka ya kikanda ya kuandaa mwongozo mfupi wa istilahi kwa studio na wasimulizi, na kutaka tafsiri ya kazi yenye mhusika wa aina hii isikilizwe kwanza na watu wenye usonji na wazazi wao, wakiwemo wa upande wa Burundi, kabla ya kurushwa.