Subira ya Ayubu na Kiangazi cha Songwa

Wasomaji wengi huudhani Utendi wa Ayubu kuwa sifa za mtu anyamazaye. Utendi huo wa pwani, uliochapishwa na Alice Werner katika miaka ya 1920, husimulia habari za tajiri aliyepoteza mali, watoto na afya, asikufuru. Dhana hiyo ni ya haraka, nayo ina madhara: mwenye njaa akiambiwa awe na subira ya Ayubu, mara nyingi huwa anaambiwa akome kulalamika.

Katika Biblia mgonjwa humlalamikia Mola kwa maneno marefu, na mkewe humshauri akufuru. Mapokeo ya Kiislamu, ambayo ndiyo chimbuko la utendi, humpa mke kazi nyingine: hubaki na mumewe, humwuguza, hutafuta riziki. Hapo imani ina mikono.

Mkulima wa Songwa, huko Kishapu mkoani Shinyanga, ana njia ya kulielewa jambo hili. Mvua ikikawia humwomba Mungu. Lakini Wasukuma tangu zamani hutenga ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulijengwa juu ya busara hiyo. Kutenga malisho si kumshuku Mungu.

Basi kosa si la utendi. Ni la msomaji aliyemtazama mgonjwa akamsahau muuguzi. Anayehubiri subira ya Ayubu na aihubiri hadithi nzima.