Mstari mmoja baada ya 666

Katika kitabu chote cha Ufunuo hakuna mstari mashuhuri kuliko 13:18, kwa kuwa ndimo ilimo namba 666. Mahubiri mengi juu ya alama ya mnyama huishia hapo, na msikilizaji hutoka kanisani akikitazama kitambulisho chake kwa hofu. Mstari unaofuata, 14:1, mara nyingi hausomwi. Humo Yohana anamwona Mwanakondoo amesimama juu ya mlima Sayuni na watu 144,000, nao pia wameandikwa kwenye vipaji vya nyuso zao: jina la Mwanakondoo na jina la Baba yake. Kumbe alama ni mbili, na mwandishi aliziweka pamoja makusudi. Kinachozitenganisha ni mpaka wa sura, na mpaka huo Yohana hakuuweka. Mgawanyo wa sura tunaoutumia leo unahesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13. Mistari ya Agano Jipya ilitiwa namba na mchapaji Robert Estienne mwaka 1551.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, la wanafunzi wa chuo cha theolojia. Malindi, kwenye pwani ya Kenya, si dogo. Paul Nthenge Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi mjini humo kabla ya kuanzisha kanisa la Good News International, alifikishwa mahakamani 2017 kwa sababu ya mafundisho yake dhidi ya shule. Serikali ilipozindua Huduma Namba, namba ya utambulisho wa kitaifa, mwaka 2019, aliihubiri kuwa ni alama ya mnyama. Baadaye kanisa likafungwa, na wafuasi wakahamia msitu wa Shakahola. Polisi walipoingia huko Aprili 2023 walianza kufukua makaburi, na hesabu ya miili ikapita 400, watoto wengi wakiwemo. Upande wa mashtaka ulidai watu waliambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Mackenzie alikana mashtaka.

Usomaji mbaya wa Biblia pekee hauelezi maafa yale. Uchunguzi wa miili ulionyesha kwamba baadhi ya marehemu hawakufa kwa njaa tu. Wamo walionyongwa na waliopigwa. Watu walitengwa na jamaa zao, na dalili za hatari zilionekana miaka kadhaa kabla ya vyombo vya dola kuchukua hatua ya kutosha. Isitoshe, waliofuata hawakuwa wajinga. Walikuwemo watu waliosoma na kuacha kazi nzuri. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niitazame mbinu yenyewe ya kufundisha, kwa sababu mtu anaweza kuwa na shahada, Biblia wazi mapajani, na bado asiwe na njia ya kumkagua mhubiri.

Mbinu ni ya kuruka. Mhubiri wa siku za mwisho huchukua Ufunuo 13:17, panapozungumzwa kununua na kuuza, akaibandika kwenye habari ya gazeti ya wiki ile. Kabla hujaipata aya ameshaingia Danieli, kisha Mathayo 24, kisha Ezekieli, halafu ndoto aliyoota mwenyewe. Kila andiko alilolitaja lipo kweli kwenye Biblia, kwa hiyo ukimwambia anadanganya huna ushahidi. Uzi unaoyaunganisha maandiko hayo ndio usiokuwemo katika kitabu chochote. Uko mkononi mwake. Msikilizaji aliyezoea kulishwa hivyo kila Jumapili, na hata makanisa yetu yanayoheshimika hulisha hivyo, hana kipimo cha kutambua siku uzi huo utakapomfunga.

Kujifunza kifungu kwa kifungu kunampokonya mhubiri uamuzi mmoja mkubwa: pa kuanzia na pa kuishia. Leo tunaanzia pale tulipokomea juma lililopita, tupende tusipende. Jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970, zinafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Nyingi husoma Injili ya Jumapili ijayo, iliyokwisha kupangwa na kalenda ya Kanisa, na hutumia hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: kumkaribisha Bwana, kusoma, kurudia maneno yaliyogusa, kunyamaza, kushirikishana, kuzungumzia kazi ya kufanya, kuomba. Ni njia nzuri kwa sala. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba neno lililomgusa mtu hupata uzito kabla kundi halijakubaliana kifungu chenyewe kinasema nini.

Vikundi vya kiprotestanti vinavyofuata maswali matatu (kinasema nini, kina maana gani, kinanidai nini) vina dawa ya udhaifu huo, mradi viwe na subira na swali la kwanza. Njia rahisi ya kulilinda ni hii: kifungu kisomwe mara mbili, Biblia zifungwe, mmoja akisimulie kwa maneno yake, kisha Biblia zifunguliwe tena wenzake wamsahihishe. Huku kwetu kuna faida ya ziada. Sebule moja ya Kilifi inaweza kuwa na Biblia ya Muungano, Habari Njema na ya Kigiriama, na zinapotofautiana mtu analazimika kuuliza, badala ya kuitikia amina tu. Nyanya asiyejua kusoma anashiriki sawasawa na mwalimu wa sekondari, maana kusimulia anakujua, na pengine anawashinda.

Tukirudi kwa mnyama: kundi likisoma kutoka 13:11 hadi 14:5 kama kifungu kimoja, maswali ya kwanza huwa ya kawaida kabisa. Alama inatolewa na nani? Inawekwa wapi? Inahusu nini? Mistari ya 12 na 15 inajibu: kinachodaiwa ni ibada. Paji la uso na mkono ndipo mahali ambapo Kumbukumbu la Torati 6:8 linawaambia Waisraeli wafunge maneno ya Mungu, na katika Ufunuo 7:3 watumishi wa Mungu wanatiwa muhuri kwenye vipaji vya nyuso. Wasomaji wa kwanza, makanisa saba ya Asia, waliishi chini ya Roma, katika miji iliyokuwa na mahekalu ya kaisari. Swali la kifungu basi ni nani anayeabudiwa. Likishaulizwa hivyo, linaacha kuwa swali la kadi ya serikali, na linaweza kumgeukia hata mchungaji anayetaka kutiiwa pasipo kuhojiwa. Sishangai wahubiri wa aina ile hawapendi vikundi vya nyumbani.

Kuhusu kufunga, pwani hii ina mwalimu wa zamani: Injili ya Luka. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844 na mwaka huohuo akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Johannes Rebmann wakaweka kituo Rabai, ambayo leo imo kaunti ya Kilifi. Injili hiyo ya Luka, katika lugha ya huko ambayo Krapf aliiita Kinika, ilichapishwa Bombay 1848. Luka ni chaguo jema kwa suala letu. Katika sura ya 4, Yesu anafunga siku 40, anaona njaa, na Ibilisi anamnukulia Zaburi 91. Ananukuu mstari wa 11 na wa 12, akaukwepa wa 13, unaosema juu ya kumkanyaga nyoka. Yaani mtaalamu wa kwanza wa kuruka mistari katika Injili hii ni Ibilisi. Anayeendelea kusoma atakuta katika 7:34 kwamba Yesu analaumiwa kwa kula na kunywa, na katika 24:43 kwamba baada ya kufufuka alikula samaki mbele ya wanafunzi wake. Kati ya hapo kuna 8:55. Binti wa Yairo, wa miaka kumi na miwili, amerudishiwa uhai, na jambo ambalo Yesu anaagiza mara moja ni apewe chakula. Hakuna mhubiri wa siku za mwisho niliyewahi kumsikia akiutaja mstari huo.

Mbinu hii ya kusoma kwa mfuatano haina kinga kamili. Mtu mjanja anaweza kupotosha kifungu kwa kifungu kwa muda wa miaka, na kundi lenye kiongozi asiyepingwa litageuka mahubiri ya sebuleni. Ndiyo maana zamu ya kuongoza iwe ya wote, na mgeni aruhusiwe kuuliza. Lawama kubwa zaidi ninayoisikia ni ya mwendo: ni wa polepole mno. Ni kweli. Luka ina mistari 1,151. Ukichukua 15 kwa juma, unahitaji karibu mwaka mmoja na nusu. Lakini anayefundishwa kwamba dunia inaisha mwezi ujao hapewi muda wa kukagua, na huo ndio muda ambao kundi la Luka linao. Likianza Januari, litafika sura ya 21 kama Machi mwaka unaofuata, na hapo katika mstari wa 8 Yesu anawataja wale watakaokuja kwa jina lake wakisema majira yamekaribia. Agizo lake juu yao ni fupi: wasifuatwe.