Kazi Inayoanza Moto Ukizimwa

Mpishi wa pilau akiteleza kidogo kwenye maji, viungo vitamsitiri. Wa mchuzi akizidisha ukali, ndimu au tui litamwokoa. Mpishi wa bún hana wa kumsitiri. Bún ni tambi nyeupe za mchele, za mviringo, ambazo watu wa Vietnam hula asubuhi, mchana na jioni. Hazikaangwi kwa samli wala hazitiwi sukari na iliki. Ni mchele, maji, moto, kisha maji tena. Ubora wake wote uko mdomoni: zichambuke, ziwe laini bila kuwa teketeke, ziteleze bila kunata, na jino likizigusa zikaidi kidogo kabla ya kukatika. Ladha yake ni ndogo kiasi kwamba mlaji husahau kuzisifu. Nitazisifu mimi.

Mei 2016 Rais Barack Obama na mpishi na mwandishi Anthony Bourdain walikaa kwenye vigoda vya plastiki katika mkahawa wa kawaida mjini Hanoi, wakala bún chả: nyama ya nguruwe iliyochomwa kwa mkaa, ikielea katika mchuzi mwepesi wa nước mắm (sosi ya samaki) uliotiwa sukari na siki, na pembeni rundo la majani mabichi na sahani ya tambi. Dunia ilizungumza juu ya vigoda, bia, na bili ya dola 6. Nyama nayo ilipata sifa zake. Tambi sikuzisikia zikitajwa, ingawa bila hizo meza ile ingekuwa na kitoweo kisicho na chakula.

Anayetaka kujua thamani yake aanzie Phú Đô, kijiji kilichomezwa na jiji la Hanoi upande wa magharibi, ambako familia zimerithishana kazi hii kwa vizazi. Kwa njia ya zamani, mchele hulowekwa, husagwa pamoja na maji, na uji wake mbichi huachwa uchachuke kwa siku kadhaa, maji ya juu yakimwagwa na kubadilishwa. Halafu huwekewa uzito hadi maji yatoke, libaki donge. Donge hilo hupikwa nusu tu, nje likaiva na ndani likabaki bichi, kisha hukandwa hadi sehemu hizo mbili zikawa kitu kimoja. Hulainishwa kwa maji likawa rojo zito, na rojo hilo hukamuliwa kupitia matundu, likaingia moja kwa moja katika maji yanayochemka. Baada ya muda mfupi tambi huopolewa, hutumbukizwa katika maji baridi, na kupangwa kwenye vikapu vya mianzi vilivyotandikwa majani ya mgomba. Siku hizi mashine zimechukua sehemu kubwa ya jasho hilo, lakini saa hazijabadilika. Kazi hufanywa usiku, kwa sababu bún mbichi ni chakula cha siku moja. Iliyotengenezwa alfajiri huliwa kabla ya usiku, la sivyo huchacha.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu mchele hauna gluteni, ule utomvu unaoshikilia donge la ngano likavutika bila kukatika. Mtengeneza bún analazimika kuutafuta mshikamano ndani ya wanga wenyewe. Ndiyo maana donge hupikwa nusu: wanga ulioiva huwa gundi ya ule ambao bado ni mbichi. Kuchachuka nako hupunguza protini na mafuta yaliyomo kwenye mchele, tambi zikatoka nyeupe, nyororo na zenye kuvutika, na uchachu mdogo sana ambao anayezila kila siku huutambua ukikosekana.

Aina ya mchele pia ina neno lake. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Mchele wa kunata hauna amilosi, au unayo kidogo mno. Ule unaofaa kwa tambi una amilosi nyingi, mara nyingi zaidi ya asilimia 25 ya wanga wake. Maji yakifika nyuzi 60 hadi 80 hivi za Selsiasi, chembe za wanga huyanywa, huvimba na kulegea. Zikipoa, amilosi hushikana upya na kuukaza wanga ule uliolegea. Na hapa mpishi yeyote wa pwani ataelewa kwa nini watengeneza bún hupenda mchele uliokaa ghalani kuliko uliotoka shambani jana. Ni sababu ileile inayomfanya auchague mchele wa zamani kwa pilau, kwani mchele mpya hushikana na hauchambuki.

Huko Vân Cù, kando ya mto Bồ karibu na Huế, wanasimulia habari za mwanamke aliyewaletea kazi hii. Inasemekana katika kijiji alichoishi kwanza ukame ulipiga, na watu waliomwonea kijicho wakasema mungu wa mpunga amekasirika kwa sababu mwanamke yule anauloweka mchele, anausaga na kuufanya kitu kingine. Alichagua kuondoka. Jiwe lake la kusagia lilikwenda naye, na mahali lilipotuliwa ndipo Vân Cù walipojifunza kutengeneza tambi. Hiyo ni hadithi, lakini shtaka lililomo ndani yake nalipenda. Walimwona mharibifu wa mchele. Kumbe alikuwa ameona ndani ya punje kitu ambacho punje nzima haiwezi kufanya, yaani kubeba mchuzi mwepesi, majani mabichi na nyama ya moto kwa pamoja, bila kushindana na chochote kati ya hivyo.

Wavietnam waliotoka kwao baada ya vita kwisha mwaka 1975 walikwenda na ulimi huo, lakini hawakuweza kwenda na vikapu vya alfajiri. Huko Westminster katika jimbo la California, au mtaa wa 13 wa Paris, jikoni nyingi zilijifunza kutegemea tambi zilizokaushwa, zilizofungwa kwenye pakiti. Tambi kavu zinamhamishia mpishi wa nyumbani hatua za mwisho za kazi ya kijiji: kuzichemsha, kuzipoza na kuzipumzisha. Ni kazi ya dakika chache, na wengi huidharau kwa sababu hiyo.

Mimi huanza na sufuria kubwa na maji mengi, kwa sababu tambi zilizobanwa hubadilishana wanga wao na kugandana. Maji yakichemka hasa, nazitia na kuzitenganisha kwa vijiti mara tu zinapolegea. Pakiti itasema dakika, lakini nyembamba huiva haraka sana na nene za mtindo wa Huế zinaweza kupita dakika 10. Saa ya kuaminika ni jino. Natoa uzi mmoja, naupitisha kwenye maji baridi kwanza, ndipo nautafuna. Ukiutafuna wa moto utakudanganya, utakuonyesha ulaini ambao utatoweka ukipoa. Kiini cheupe kikishaisha katikati, moto nazima. Tambi nene naweza kuziacha zimalizikie katika maji yaleyale ya moto, sufuria imefunikwa.

Kisha huja kazi yenyewe. Tambi zikimwagwa kwenye chujio bado zinapikika kwa joto lililo ndani yake, na nje zimepakwa wanga mzito ambao ndani ya muda mfupi utazigeuza donge moja. Maji baridi yanayotiririka husimamisha joto na kuondoa ule utando. Nazipitishia vidole, nazigeuza, nazinyanyua, hadi maji yanayotoka chini yawe maangavu tena. Baada ya hapo nazikung'uta na kuziacha kwenye chujio kama nusu saa, zikidondosha maji yake ya mwisho, zikikazika. Asiye na subira huruka nusu saa hiyo. Akiziweka chini ya nyama choma, maji yatashuka na kuuchujua mchuzi. Akizikunja pamoja na kamba na majani ndani ya karatasi laini ya mchele, mlo uitwao gỏi cuốn, karatasi hiyo italowa na kupasuka mkononi mwa mlaji.

Kila mlo una namna yake ya kuzidai. Bún chả huzitaka zimepoa kabisa, ili nyama ya mkaa na mchuzi vuguvugu vikutane na ubaridi. Chả cá ya Hanoi, samaki aliyepakwa manjano na kukaangwa mezani kwa shibiti na vitunguu vya majani, huzitaka nyembamba na zilizochambuka, ili karanga na mafuta ya manjano vipenye kila uzi. Anayekula bún đậu, yaani tambi kwa tofu, huletewa tambi zilizobanwa zikawa vipande bapa na kukatwa kwa mkasi, azishike kwa vijiti na kuzichovya katika mắm tôm, kamba waliochachushwa wenye harufu isiyojua adabu. Bún bò Huế, yenye mchuzi wa mifupa ya ng'ombe, mchaichai na pilipili, huzitaka nene, kwa sababu zitakaa ndani ya moto kwa muda wote mtu anapokula. Na hata hapo muuzaji hazitii kwenye mchuzi zikiwa za baridi. Huzichovya kwanza katika maji yanayochemka kwa sekunde chache, azikung'ute, ndipo azitie bakulini. Joto la mchuzi limegharimu usiku mzima wa kuni au gesi, na hataki lipotelee kwenye kupasha tambi.

Muuzaji huyo ndiye mwalimu wangu wa mwisho katika jambo hili. Yeye hafikirii tambi kama kitu cha kujaza bakuli. Anazihesabu kama sehemu ya mchuzi, na kila alichozifanyia, kuanzia kuzipoza hadi kuzichovya upya, amekifanya ili mchuzi ufike mezani kama ulivyokusudiwa. Tumezoea kumtukuza anayeongeza: kiungo kimoja zaidi, saa moja zaidi motoni. Ustadi wa bún unajulikana kwa vilivyoondolewa, joto lililokatwa mapema, wanga uliosuuzwa, maji yaliyosubiriwa yadondoke. Kwa hiyo mlaji akimaliza bakuli na kuusifu mchuzi peke yake, mpishi hana sababu ya kununa. Mchuzi hauna mikono. Uliufikia ulimi wa mtu yule kwa sababu tambi ziliubeba.