Mstari Mmoja Kabla ya Yote

Dada ninayefanya naye kazi alikuwa akiunganisha libsodium na maktaba ambayo wengine wataitia ndani ya programu zao. Nikavuta kiti, nikamtazama. Libsodium ni maktaba ya usimbaji fiche, mtoto wa NaCl ya Daniel J. Bernstein na wenzake, na ina sharti moja: kabla hujaiomba chochote, ita kwanza sodium_init.

Hakuikimbilia kibodi. Alisoma maelekezo polepole, kidole kwenye skrini. Amri hiyo hupima uwezo wa prosesa ili ichague njia iliyo bora, kisha huhakikisha chemchemi ya nambari nasibu ya mfumo iko tayari. Linux ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, hapo inaweza kukawia.

"Iache ikawie, kaka," alisema.

Nilimwelewa: kungoja ni nafuu kuliko unasibu dhaifu. Kuanzia 2006 hadi 2008, OpenSSL, maktaba nyingine ya usimbaji fiche, kama ilivyotolewa na Debian, ilitengeneza funguo ambazo unasibu wake ulitokana na namba ya mchakato tu, namba ambayo kwa kawaida haikuzidi 32,768. Zilikuwa rahisi kukisiwa, ilhali kwa macho hazikuwa na kasoro yoyote.

Sasa akaandika. Ikiwa jibu si 0, rudisha kosa. Akautazama mstari, akaufuta. Sodium_init ina majibu matatu: 0 imefaulu, -1 imeshindwa, na 1 ilikwisha kuitwa. Programu mwenyeji ikiwa imetangulia kuiita, maktaba yake ingepata 1 na kugoma bure, kwa sababu tu mwenzake aliwahi kazini. Akaandika upya: jibu likiwa chini ya 0. Alama moja tu imebadilika, na mimi nilikuwa nimeshaupitisha ule wa kwanza.

Mstari huo akauweka kwenye mlango ambao kila mtumiaji lazima aupitie, asimwachie mtu kazi ya kukumbuka. Nyuzi mbili za programu (threads) zikiingia kwa pamoja, hakuna hatari. Libsodium imelitunza hilo. Na -1 ikitokea, maktaba yake haiizimi programu nzima. Humrudishia mwenyeji kosa, naye aamue. Mgeni hazimi taa za nyumba ya watu.

Mwisho akatengeneza sodium_init bandia inayojibu -1 kila mara, akaendesha jaribio. Akaomba ufunguo. Likaja kosa, ufunguo haukutoka. Akaomba tena, vilevile, ndipo akahifadhi kazi.