Kichomi na Vidole Vinavyosikia

Mwenye kichomi havuti pumzi hadi mwisho. Anaanza, anafika katikati, ubavu unamchoma, anakatisha. Akilazwa hospitali ya Lemera, juu ya bonde la Ruzizi mashariki mwa Kongo, utamkuta amelalia upande uleule unaomuuma ili mbavu zake zisitembee. Muuguzi mzoefu huliona hilo akiwa bado mlangoni, hata salamu hajatoa.

Pafu lenyewe haliumi. Linalouma ni utando wa nje, ule unaotanda ndani ya mbavu, kwa kuwa ndio wenye neva za maumivu. Utando wa pili umelifunika pafu, na kati ya tando hizo mbili mna maji kidogo sana ya kuzitelezesha. Zikivimba, husuguana, na sikio lililozoea hupata mkwaruzo kama wa kiatu kipya cha ngozi, pumzi ikiingia na ikitoka. Uvimbe ukiwa chini, juu ya kiwambo, maumivu hupanda begani, na asiyejua ataendelea kulichua bega.

Kisha inafika siku mgonjwa anasema, "Docta, nashukuru, haichomi tena." Mkwaruzo nao haupo. Wengi wangemruhusu arudi nyumbani, na kwangu mimi hapo ndipo ufundi wa kazi hii unapoonekana. Mara nyingine nafuu hiyo ni maji yaliyojaa kati ya tando na kuzitenganisha. Hazisuguani tena, ila pafu linazidi kubanwa. Fundi wa kweli huishuku nafuu hiyo. Anamwambia mgonjwa aketi, avue shati, ainame mbele kidogo.

Kidole cha kati cha mkono wa kushoto kinalazwa kati ya mbavu mbili, kile cha kulia kinakigonga. Anaanzia juu mgongoni, anashuka ubavu kwa ubavu, kulia kisha kushoto, akilinganisha. Penye hewa pana mvumo. Penye maji mlio unakufa ghafla, na kidole chenyewe kinahisi uzito. Ufundi wa kugonga kifua uliandikwa mwaka 1761 na Leopold Auenbrugger, daktari wa Austria, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni. Kisha fundi wetu anaweka viganja mgongoni na kusema, "Mama, sema trente-trois." Ni thelathini na tatu kwa Kifaransa, na ndivyo wanavyofundishwa waliosomea udaktari kwa lugha hiyo. Penye nimonia iliyoganda, mtetemo wa sauti huzidi mkononi. Penye maji, hupotea. Picha ya kifua huja baadaye kuthibitisha, kama mashine ipo na umeme upo.

Si kila kichomi kinangoja utaratibu huo. Mama aliyejifungua juzi akishikwa ghafla, na mguu mmoja umevimba, hufikiriwa kwanza damu iliyoganda na kukimbilia mapafuni. Kijana aliyechomwa ghafla, upande mmoja ukivuma kupita kiasi na pumzi haisikiki, huenda pafu limetoboka. Mtoto mwenye selimundu hapewi muda wa kungoja kesho.

Hospitali ya Lemera, niliyoanza nayo, ilianzishwa na wamisionari Wapentekoste kutoka Uswidi. Daktari Denis Mukwege alianzia kazi hapo mwaka 1983, miaka mingi kabla ya hospitali ya Panzi na Tuzo ya Nobel. Tarehe 6 Oktoba 1996, vita ya Kongo ilipoanza, hospitali hiyo ilishambuliwa. Wagonjwa waliuawa vitandani, na wauguzi pia. Ninaposifu mikono inayojua kugonga kifua, siwezi kuwapita hao. Ujuzi wa namna hii hukaa ndani ya watu, na mtu huupata kwa kusimama miaka mingi kando ya mwingine anayeujua.

Maji yakipatikana, huvutwa kwa sindano. Sindano hupita juu kabisa ya ukingo wa juu wa ubavu, kamwe si chini yake, kwa kuwa mishipa ya damu na neva hupita chini ya kila ubavu. Dawa ya ganzi hutangulia. Bomba likirudi na maji ya manjano mepesi, kwa kijana mwenye homa za jioni na mwili uliokonda, kifua kikuu ndicho kinachoshukiwa kwanza. Likirudi na usaha, ni mrija na antibiotiki, leo hii. Hata maji yawe mengi, hayatolewi yote kwa mkupuo mmoja. Lita moja hadi moja na nusu inatosha, na mgonjwa akianza kukohoa sana au kubanwa kifua, uvutaji unasimamishwa.

Vijidudu vya kifua kikuu havionekani kirahisi katika maji hayo, hata kwa darubini nzuri, kwa hiyo mara nyingi daktari huamua kwa kuunganisha alichosikia, alichogusa na alichoambiwa. Akiamua ni kifua kikuu, hutoa dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4, na ya kutuliza maumivu siku za mwanzo ili mgonjwa apumue kwa kina. Kabla hajamruhusu aondoke, humuuliza nani analala naye chumba kimoja, na kama yupo mtoto anayekohoa, naye aletwe.