Kona Ikikatwa, Nani Analipa?

Kama unapenda video za rali zinazorekodiwa ndani ya gari, hii umeiona. Dereva anafika kwenye kona, magurudumu ya upande wa ndani yanaacha lami, yanapita kwenye majani na udongo, halafu gari linarudi barabarani. Mtangazaji anashangilia: ameokoa muda! Sawa, lakini hapo tumeonyeshwa nusu tu ya hesabu.

Nusu hiyo ni ya kweli. Ukikata kona unainyoosha. Kwenye kona isiyo na mwinamo, kasi ya mwisho kabla gari halijateleza inategemea nusukipenyo cha njia unayopita na mshiko wa tairi. Tuseme nusukipenyo kimetoka mita 30 hadi 36: kasi inaweza kupanda kwa karibu asilimia 10. Na katika Rali ya Kroatia ya 2021, Sébastien Ogier alimshinda Elfyn Evans kwa sekunde 0.6 tu, baada ya siku tatu za mbio. Kwa hiyo tamaa ya kukata naielewa kabisa.

Sasa nusu ya pili. Tairi likirudi kwenye lami linarudi na tope na vijiwe. Tuseme mshiko umeshuka kutoka 0.9 hadi 0.6. Kasi salama inashuka kwa karibu asilimia 18. Pale ambapo wa kwanza alipita kwa kilomita 100 kwa saa, anayefuata apite kwa 82, la sivyo atoke nje. Na yeye hajakosea chochote! Wewe uliyezoea Safari Rally kule Naivasha unajua kwamba kwenye changarawe wa mbele huwafagilia njia wa nyuma. Kwenye lami ni kinyume: wa mbele huwachafulia.

Utaniuliza, kwani hawakufanya majaribio? Walifanya. Lakini kwenye majaribio mara nyingi gari moja hurudiarudia kipande kilekile. Hata wale wanaotangulia kukagua barabara na kusahihisha maelezo anayosoma mwelekezi, hupita kabla ya washindani. Tope la gari la kumi watalionaje?

Na majaribio yenyewe si mchezo. Craig Breen alifariki tarehe 13 Aprili 2023 akijaribu gari nchini Kroatia, siku chache kabla ya rali. Sisemi alikata kona, hapana. Nasema barabara hizi hazina nafasi ya kukosea hata kabla mtu hajakumwagia udongo mbele yako.

Ndiyo maana nawalaumu watangazaji kuliko madereva. Dereva anapimwa kwa saa, atafanya kinachompa muda. Mtangazaji ndiye anayechagua tuone nini. Atuonyeshe kona ileile mara mbili, gari la kwanza na la kumi na tano, halafu ndiyo ashangilie akiweza.

Mpaka siku hiyo, ukiona kona imekatwa, usiondoe macho. Msubiri anayefuata.